Usafishaji wa vizimba vya reptilia

Usafishaji wa vizimba vya reptilia ni kazi ya kuondoa uchafu na kuua viini katika tangi, sanduku au banda anamofugwa nyoka, mjusi, kinyonga, kobe au kasa. Ugumu wake uko katika kuchagua dawa: inapaswa kuua bakteria, virusi na kuvu, lakini isimdhuru mnyama atakayerudishwa humo. Dawa nyingi za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya sakafu na vyoo vya binadamu, na baadhi yake ni sumu kwa reptilia.

Sababu za tahadhari
Reptilia wengi hubeba bakteria wa Salmonella matumboni bila kuugua. Mnyama huwatoa pamoja na kinyesi, nao huenea katika maji yake, ngozi yake na kuta za kizimba. Kwa binadamu husababisha kuhara na homa, na kwa watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu ugonjwa unaweza kuwa mkali. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4 (sentimita 10 hivi), kwa kuwa watoto walikuwa wakiwashika na hata kuwatia mdomoni. Dawa hupunguza bakteria kizimbani tu; haiwaondoi ndani ya mnyama.

Kwa upande wa mnyama, hatari kubwa ni mvuke. Nyoka na mijusi hawana misuli ya kiwambo kama mamalia, na hivyo hawawezi kukohoa vizuri ili kutoa kinachowakera mapafuni. Tena hukaa katika nafasi ndogo yenye joto, ambamo mvuke wa dawa hukusanyika. Nyoka pia hugusa sakafu kwa mwili mzima na kuonja hewa kwa ulimi.

Kuosha kabla ya kuua viini
Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kinyesi, mabaki ya chakula na magamba yaliyobambuka huimaliza nguvu kabla haijavifikia viini. Kwa hiyo mnyama huhamishiwa kwanza mahali pengine, matandiko hutupwa, na kizimba husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha husuuzwa. Baada ya hapo ndipo dawa hupakwa na kuachwa ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 10. Wengi hukosea hapa: hunyunyiza na kufuta papo hapo, na viini hubaki hai. Mwishoni kizimba husuuzwa kwa maji mengi na kukaushwa mpaka harufu iishe kabisa.

Dawa zinazofaa
Iliyo rahisi kupatikana ni hipokloriti ya sodiamu, ambayo Afrika ya Mashariki watu huiita jiki kutokana na jina la bidhaa moja maarufu. Huua bakteria, virusi na kuvu wengi. Nguvu yake hutofautiana kati ya chupa na chupa, hivyo ni lazima kusoma asilimia. Kwa ile ya asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji inatosha kwa usafi wa kawaida. Kwa ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 20, yaani mililita 50 katika lita 1 ya maji. Maji yawe baridi, na mchanganyiko utengenezwe siku ile ile, kwani hupoteza nguvu kwa joto na mwanga. Jiki hula vyuma.

Kloreksidini na dawa za jamii ya amonia kwaternari hazina mvuke mkali, na hutumiwa sana na madaktari wa wanyama. Zote mbili hudhoofishwa na mabaki ya sabuni, jambo linaloongeza umuhimu wa kusuuza, na hazitegemewi dhidi ya baadhi ya virusi. Alkoholi ya asilimia 70 inafaa kwa koleo na vifaa vidogo, lakini hushika moto, na vizimba vingi vina taa za joto. Siki husaidia kuondoa madoa ya chokaa kwenye kioo. Kama dawa ya kuua viini haitoshi, hata ikisifiwa kuwa ni ya asili.

Dawa za kuepukwa
Huepukwa dawa zenye fenoli, lami ya makaa ya mawe au mafuta ya msonobari. Dettol ya maji ya rangi ya kahawia, kwa mfano, ina kloroksilenoli, ambayo ni ya jamii ya fenoli. Alama inayosaidia ni kwamba dawa nyingi za namna hii hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji. Harufu kali, ambayo wengi huiona kuwa dalili ya usafi, si kipimo cha ubora.

Jiki haichanganywi kamwe na amonia wala na siki au asidi nyingine: na amonia hutoa gesi ya kloramini, na asidi hutoa gesi ya klorini, na zote huumiza mapafu ya mtu na mnyama. Hata mkojo mweupe wa reptilia una misombo ya nitrojeni, hivyo haumwagiwi jiki kabla ya kukwanguliwa.

Kriptosporidiamu
Kimelea hiki ni tatizo la pekee. Cryptosporidium serpentis hushambulia tumbo la nyoka, na spishi nyingine hukondesha mijusi, hasa mjusi-chui. Vifuko vyake vyenye ganda gumu havifi kwa jiki ya kawaida wala kwa kloreksidini. Kinachotegemewa ni joto: vyombo vinavyostahimili huchemshwa. Magogo, magome na maficho ya mbao huchomwa au kutupwa, kwani mbao hufyonza uchafu pamoja na dawa.

Mahali pa kuoshea
Vyombo vya reptilia havioshwi katika sinki la jikoni wala karafai ya kupikia. Huwa na ndoo na sponji zao, huoshewa nje ikiwezekana, maji machafu humwagwa chooni, na mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kuvua glavu.