Wasiwasi Usiohesabiwa: Kutoka Mathari hadi Ofisini Kwetu

Miaka kadhaa iliyopita nilimhukumu mwanafunzi wangu kimakosa. Alichelewesha kazi, alisahau nilichotoka kumwambia, na aliwajibu wenzake kwa ukali. Alilalamika kwamba shingo inamkaza na usingizi umempaa. Nikamhesabu kuwa mvivu mwenye visingizio. Baadaye daktari alimweleza kwamba anaugua ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Tangu siku hiyo najiuliza: tulijifunzia wapi kutouona ugonjwa huu?

Sehemu ya jibu iko Nairobi. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa mahali pa kuwatenga walioitwa vichaa. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni ambaye hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili alipoteuliwa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Carothers alishikilia kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Kwa mtazamo wake, sonona ilikuwa nadra miongoni mwetu. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ukaelezwa kama tatizo la akili zilizoyumba kati ya mila na usasa.

Ubaguzi wa maandishi hayo hauhitaji darubini. Lakini nataka tuangalie kosa jingine, ambalo lingali hai: kosa la kuhesabu. Hospitali ya vichaa hupokea wale wanaowasumbua wengine. Mama aliyeamka saa tisa usiku akiwaza kodi, njaa na homa ya mtoto, kisha alfajiri akashika jembe lake, hakuwa na wa kumpeleka Mathari. Carothers aliwahesabu walioletwa, akadhani amewahesabu watu wote.

Margaret Field, mwanaanthropolojia aliyekuwa pia daktari, alichagua njia tofauti. Alikwenda kwenye madhabahu za vijijini nchini Ghana, mahali ambapo watu walifuata kinga na faraja, akawasikiliza. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilionyesha kwamba huzuni na hofu ambazo wakoloni walizidhania kuwa nadra zilikuwapo tele. Wagonjwa hawakuwa wamekosekana. Walikuwa wakibisha mlango mwingine.

Wala lugha zetu hazikuwa bubu. Waswahili wana wahaka, jakamoyo na kiherehere cha moyo. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa akili mjini Harare, aliwafundisha mabibi wa mtaani kuketi kwenye benchi na wenye taabu hiyo na kuwasikiliza kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 2013 neno kufungisisa likaingizwa katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani.

Ni mwongozo huohuo ambao, mwaka 1980, uliupa ugonjwa wa wasiwasi wa jumla nafasi yake rasmi. Kwa vigezo vyake vya sasa, mgonjwa huwa na wasiwasi uliopita kiasi juu ya mambo mengi, katika siku nyingi kuliko anazokuwa na utulivu, kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na hushindwa kuuzuia. Kwa mtu mzima, wasiwasi huo huandamana na angalau dalili 3 kati ya hizi 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kuzingatia jambo, hasira za karibu, misuli kukaza, na usingizi kuvurugika. Lazima pia hali hiyo iwe inamtesa au kumkwamisha katika maisha yake, na daktari ahakikishe kwamba haitokani na dawa, kilevi au maradhi mengine, kama yale ya tezi ya shingoni.

Hofu ya mtihani huisha mtihani unapokwisha. Huu hauishi, ukimaliza ada huhamia kwenye kazi, ukimaliza kazi huhamia kwenye afya ya wazazi.

Sasa zisomeni tena dalili hizo 6 kwa macho ya mkuu wa idara au mhadhiri. Anayechoka upesi huitwa mvivu. Asiyezingatia huitwa mzembe. Mwenye hasira za karibu huandikiwa barua ya onyo. Asiyelala huambiwa apunguze simu au azidishe sala. Nasi wanaharakati, tunaojivunia kumpinga mkoloni, humwona mwenzetu aliyelemewa kuwa amelegea katika mapambano. Hakuna anayemsumbua mwingine kiasi cha kupelekwa hospitali, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa.

Nilimwomba radhi mwanafunzi wangu. Alinijibu kwa upole kwamba hata yeye alijiona mvivu, maana hakuna aliyewahi kumpa jina lingine. Carothers aliondoka Mathari mwaka 1950. Daftari lake la kuhesabia watu bado tunalo mikononi.