Mpasuaji wa Mulago aliyeweka kisu kando

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, alikuwa amezoea uvimbe wa kila namna, lakini huu hakuutambua. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akakutana na mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Hapo ndipo alipoanza kufukua majalada ya wagonjwa.

Kisu kilikuwa kimeshindwa. Ukikata uvimbe wa taya, mwingine unaukuta tumboni. Makala aliyoandika mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza haikumtikisa mtu. Basi akasambaza picha na maswali kwa hospitali za Afrika, kisha mwaka 1961 akanunua Ford kuukuu kwa pauni 250. Yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashika njia kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya kilomita zipatazo 16,000. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Ni wapasuaji wachache ambao wangekubali kuacha chumba cha upasuaji kwa wiki nyingi kwa ajili ya swali moja.

Majibu yakachora ramani. Ugonjwa huo, ambao ni saratani, ulikaa penye joto na mvua, ukakosekana kwenye miinuko yenye baridi; yaani ulikaa karibu kule kule iliko malaria. Mwaka huo huo wa 1961 mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba sampuli za uvimbe. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Barr na Achong wakatangaza kirusi walichokiona katika seli za uvimbe huo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwangu, kubwa zaidi lilitokea wodini. Burkitt alijaribu dawa za saratani, na mataya yakanywea ndani ya siku chache; baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 Mulago ikapata kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mzazi, taya la mwanao likivimba na meno kulegea, usiishie kung'oa jino. Mpeleke hospitali mapema, maana ugonjwa huu hukua kwa kasi, na ukiwahiwa hutibika.