Mto Msimbazi na Ramani Zake

Msomaji, ukitoka soko la Kariakoo na kushuka upande wa Jangwani, hufiki mbali kabla hujaliona bonde la Msimbazi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Lakini mto ni wa kale kuliko wapagazi na soko lenyewe. Watoka vilima vya Pugu, wapita mjini, na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Hapo mlangoni pana mikoko, ambayo samaki wachanga na kamba hujificha katika mizizi yake mpaka wakue.

Taka, maji machafu na mchanga vimeudhuru sana mto huu. Desemba 2011 furiko liliua watu zaidi ya 40 mjini. Baadaye, mwaka 2015, ikaanza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo, pamoja na wenyeji, walitembea mtaa kwa mtaa wakiandika nyumba, mifereji na vivuko, na vyombo vidogo visivyo na rubani vikapiga picha kutoka angani. Wenyeji ndio walioulizwa maji hufika wapi, maana picha ya angani haijui hayo.

Huko Marekani, katika jimbo la Washington, sheria ya mwaka 1999 iliwataka wenye misitu yao wenyewe warekebishe makalvati yanayowazuia samoni kupanda mtoni, na ramani huwaonyesha palipozibwa. Kazi hiyo ina gharama, lakini kalvati halina watoto. Kwetu, panapotakiwa mto upanuke pana watu wamelala. Kuanzia Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa, na nyingine zikatiwa alama nyekundu ya X. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyozivunja. Nasema tu kwamba mstari ni mwepisi kuchorwa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za kulitengeneza bonde: mto uchimbwe, pawe na bustani, na wakazi wahamishwe kwa fidia. Fidia hiyo ndiyo niitazamayo kwanza. Maana baada ya furiko la 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji, na baadhi yao wakarudi bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo.