Mlango wa Nicolò Amati

Mwaka 1630 tauni iliingia Cremona, mji ulioko karibu na mto Po, kaskazini mwa Italia. Katika mtaa wa San Faustino alikufa fundi mzee Girolamo Amati, akafa mkewe, wakafa na mabinti zao. Karakana ikabaki kwa mtoto wa kiume, Nicolò, kijana wa miaka 33. Katika mji jirani wa Brescia, ambao kwa miaka mingi ulishindana na Cremona kwa ufundi, Giovanni Paolo Maggini, aliyekuwa hodari kuliko wenzake, naye alitoweka katika kipindi hichohicho. Elimu ya kutengeneza fidla bora kabisa duniani ikawa imesalia kwa karibu mtu mmoja.

Kilichokuwa hatarini kupotea kilianza na babu yake Nicolò, Andrea Amati, aliyepanga nyumba katika mtaa huo mwaka 1538. Andrea hakuanza na mikono mitupu. Ala za kupigwa kwa upinde zilikuwapo tangu zamani: Waarabu walikuwa na rababa, na Ulaya ilikuwa na za kwake, nyingine za nyuzi 3, nyingine za nyuzi 7. Alichokifanya Andrea ni kutuliza umbo. Alichonga kalibu ya mti, akakunja kwa joto vipande vyembamba vya mti wa mepo kuizunguka hadi vikawa mbavu za ala, kisha akaitoa kalibu. Mgongo aliuchonga kwa mepo, ambao ni mgumu, na uso kwa mti mwepesi wa jamii ya misonobari, uotao polepole kwenye milima yenye baridi. Vyote viwili alivianza kwa mbao nene, akavichonga kwa patasi na randa mpaka vikatuna kwa nje na kubaki na unene wa milimita chache tu. Ndani, kati ya uso na mgongo, husimama kijiti kisichotiwa gundi, kinachoshikiliwa na mbano wa mbao zenyewe. Kijiti hicho kikisogezwa kidogo tu, sauti ya fidla hubadilika. Kwa jumla fidla moja ina vipande zaidi ya 70, na kila kimoja humdai fundi uamuzi wake.

Andrea hakutengeneza fidla tu. Alitengeneza ukoo mzima: fidla, kisha viola yenye sauti ya chini zaidi, kisha ala kubwa ya besi iliyokuja kuwa selo, ile ambayo mpigaji huketi na kuishika kati ya magoti. (Dabo besi, yenye mabega yaliyoteremka, ina nasaba iliyochanganyika, nyingi ya tabia zake zilitoka kwa ala za kale za viola da gamba.) Jumba la kifalme la Ufaransa, enzi za Mfalme Charles IX, liliagiza seti nzima kutoka kwake, zikapambwa mgongoni kwa nembo za mfalme. Fidla moja ya seti hiyo, ya mwaka 1564, imehifadhiwa Oxford. Ukiiweka kando ya fidla ambayo mpigaji wa taarabu wa Unguja huiegemeza begani leo, utaona ni umbo lilelile.

Andrea aliwarithisha wanawe Antonio na Girolamo, na Girolamo akamrithisha Nicolò. Kwa miaka 90 hivi elimu hii ilipita katika damu moja. Ndiyo maana tauni ya mwaka 1630 ilitisha hivyo: fundi mmoja zaidi angekufa, mnyororo ungekatika.

Miaka 7 baadaye tunaona katika barua jinsi watu walivyoithamini kazi ya Cremona. Galileo Galilei, wakati huo mzee aliyefungiwa nyumbani kwake nje ya Florence kwa amri ya Kanisa, alitaka fidla kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake aliyekuwa mwanamuziki. Alimwandikia rafiki yake wa Venice, mtawa Fulgenzio Micanzio. Mtawa naye alimwendea Claudio Monteverdi, kiongozi wa muziki katika kanisa la San Marco na mzaliwa wa Cremona. Jibu halikuzunguka: fidla za Brescia ni rahisi kupatikana na huuzwa chini ya dukati 4, za Cremona hazipungui 12, lakini uzuri wake hauna mfano. Kisha kazi ikachelewa. Micanzio alieleza kwamba fidla haiwezi kukamilika bila jua kali. Nadhani ni vanishi iliyokuwa ikingoja kukauka, na mwanasayansi maarufu kuliko wote wa zama zake ikabidi angoje pamoja nayo.

Nicolò alikuwa na wateja wengi kuliko alivyoweza kuwatosheleza, na hakuwa na ndugu wa kumsaidia. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baba na babu yake hawakulifanya: aliwafungulia mlango watu wasio wa ukoo. Orodha ya wakazi ya mwaka 1641 inamwonyesha kijana Andrea Guarneri akiishi nyumbani kwa Amati. Alikula na kulala humo, akajifunza kwa kutazama na kushika, kama mwanagenzi yeyote. Nicolò alipooa mwaka 1645, Guarneri alikuwa shahidi wa ndoa. Kutoka Bologna akaja Giovanni Battista Rogeri, ambaye baadaye alihamia Brescia na kuufufua ufundi wa mji ule. Naye Antonio Stradivari, kwenye kibandiko cha fidla moja ya mwaka 1666, alijitaja kuwa mwanafunzi wa Nicolò, ingawa jina lake halionekani katika orodha za nyumba ile.

Watu humsifu Stradivari, na anastahili. Mimi humweka Nicolò mbele. Bila uamuzi wake, Stradivari angekuwa labda seremala mzuri wa Cremona.

Stradivari alifanya kazi hadi uzeeni kabisa, akafa Desemba 1737 akiwa na zaidi ya miaka 90. Wasaidizi wake wakuu walikuwa wanawe, Omobono na Francesco. Omobono alikufa mwaka 1742, Francesco 1743. Mwaka 1744 akafa Giuseppe Guarneri, mjukuu wa Andrea, ambaye fidla zake ndizo pekee zinazoshindanishwa na za Stradivari. Mwaka 1747 akafa Carlo Bergonzi. Kwa miaka 10 tu kizazi chote kikaisha, na safari hii hapakuwa na tauni. Hapakuwa na wanafunzi wa kutosha, na fidla za bei nafuu kutoka Ujerumani na Ufaransa zilikuwa zikijaza masoko.

Ndipo zikazuka hadithi kwamba siri ya fidla hizo ilikuwa kwenye vanishi. Mwaka 2009 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vanishi ya ala 5 za Stradivari: mafuta na utomvu wa msonobari pamoja na rangi zilizojulikana kwa wachoraji wa siku zile. Kilichopotea hakikuwa dawa ya chupani. Yalikuwa mazoea ya mkono, ambayo hupatikana kwa kukaa kando ya anayejua.

Kwa bahati vifaa vilinusurika. Paolo, mtoto wa mwisho wa Stradivari, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Miaka ya 1775 na 1776 familia yake iliuza fidla zilizosalia, kalibu na michoro ya karatasi kwa mtukufu kijana, Cozio di Salabue, aliyevihifadhi na kuandika vipimo kwa subira kubwa. Mwaka 1920 fundi Giuseppe Fiorini alivinunua kutoka kwa warithi, na mwaka 1930 akavitoa bure kwa mji wa Cremona, kwa matumaini kwamba shule ya ufundi ingefunguliwa humo. Alifariki mwaka 1934. Shule ilifunguliwa mwaka 1938, na tangu hapo imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi, wasio ndugu wa Amati wala wa Stradivari, wanaojifunza kukunja mbavu kwa kalibu ya ndani kama ile ya Andrea.