Jengo la Matofali Mekundu

Msomaji mpenzi, ukijaliwa siku moja kufika katika mji wa Singapore, nenda hadi chini ya kilima kiitwacho Fort Canning, karibu na mahali ambapo barabara huingia ndani ya kilima na kutokea upande wa pili. Hapo utaziona nguzo mbili za matofali mekundu. Zamani zilikuwa nguzo za lango, na wengi waliopita kati yake walikuwa wakienda kusoma. Nyumba iliyokuwa nyuma ya lango hilo haipo tena. Nataka kukusimulia jinsi ilivyojengwa, jinsi ilivyopendwa, na jinsi ilivyobomolewa. Ni habari za nchi ya mbali, lakini zina mafunzo kwa kila mji unaokua, na miji yetu ni miongoni mwa miji hiyo.

Singapore ni kisiwa kidogo kilicho kusini mwa nchi ya Malaysia. Waingereza waliweka kituo chao cha biashara hapo mwaka 1819, na baada ya miaka michache walianzisha shule iliyokuwa na maktaba ndogo. Mwaka 1845 ikafunguliwa maktaba ya watu waliolipa ada, na mwaka 1874 serikali ikaichukua na kuiunganisha na nyumba ya makumbusho. Lakini maktaba hizo zilikuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, aliyetaka kuazima vitabu hakuna budi alipe ada. Pili, vitabu vyake karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza, na hali wenyeji wengi wa mji walisema Kichina, Kimalei au Kitamil. Basi mlango ulikuwa wazi, lakini watu wengi hawakuwa na sababu ya kuingia.

Aliyeleta mabadiliko alikuwa mfanyi biashara mmoja, jina lake Lee Kong Chian. Alizaliwa Uchina mwaka 1893, akaja Singapore akiwa bado mtoto, na baadaye akatajirika kwa mashamba ya mpira na mananasi. Mwaka 1953 alijitolea kutoa dola 375,000 za Malaya ili ijengwe maktaba mpya. Lakini fedha hizo zilikuja na sharti: maktaba iwe ya bure kwa watu wote, na iwe na vitabu vya lugha za wenyeji pamoja na vya Kiingereza. Yafaa tulitafakari sharti hilo. Tajiri huyu angaliweza kutaka sanamu yake isimamishwe mjini. Yeye alitaka mtoto wa mchukuzi wa bandarini aweze kuingia pasipo kulipa senti moja, na akute kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mama yake.

Tarehe 16 Agosti 1957, Lee mwenyewe aliweka jiwe la msingi katika barabara ya Stamford. Tarehe 12 Novemba 1960 jengo lilifunguliwa na Yusof Ishak, aliyekuwa mkuu wa nchi. Singapore ilikuwa imepata serikali yake ya ndani mwaka 1959, kama sisi tulivyopata Madaraka tarehe 1 Juni 1963. Kwa hiyo maktaba hiyo ilikuwa miongoni mwa matunda ya kwanza ya watu waliokuwa wakijifunza kujitawala.

Je, watu walifurahia sura yake? La, wengi hawakuifurahia. Jirani yake ilikuwa nyumba ya makumbusho iliyojengwa mwaka 1887, nyumba nyeupe yenye kuba na nguzo za fahari. Maktaba mpya ilikuwa ya matofali mekundu matupu, yasiyopakwa chokaa. Wako waliosema kuwa ni jengo baya, lisilopatana kabisa na majirani zake. Kumbuka neno hili, msomaji, maana tutalirudia.

Miaka ikapita, na watu wakalizoea jengo, kisha wakalipenda. Katika miaka hiyo ya mwanzo jamaa nyingi za Singapore ziliishi katika vyumba vidogo vyenye watu wengi, na mwanafunzi aliyetaka utulivu wa kusoma hakuupata nyumbani. Aliupata maktabani. Walikuja kwa makundi nyakati za mitihani, wakakaa hadi jioni, na walipochoka walitoka nje kunywa chai na kula katika mkahawa wa jirani. Hapo Mchina, Mmalei na Mtamil waliketi meza moja. Bibi Hedwig Anuar, mwenyeji wa kwanza kuiongoza maktaba hiyo, alifanya bidii kubwa kuwavuta watoto wapende vitabu, na alistaafu mwaka 1988. Waliokuja kwanza wakishikwa mkono na mama zao, walirudi baadaye wakiwashika mkono watoto wao wenyewe.

Hata hivyo, nchi hiyo ina upungufu mmoja usio na dawa, nao ni ardhi. Mwaka 1960 kisiwa kizima kilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 580, na tangu hapo watu wake wamekuwa wakiijaza bahari mchanga ili wapate mahali pa kukaa. Huko kila kiwanja hupimwa, na kila jengo huulizwa faida yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kujenga chuo kikuu kipya katikati ya mji, na kupitisha barabara chini ya kilima cha Fort Canning ili kupunguza msongamano wa magari. Barabara hiyo ilipochorwa katika ramani, ilipita mahali pale pale penye maktaba.

Watu wa Singapore hawana desturi ya kubishana na serikali yao hadharani, lakini safari hii walisema. Waliandika barua katika magazeti, na mwaka 1999 wakasimama katika mkutano wa hadhara kuitetea maktaba. Mchoraji majengo mmoja mashuhuri, Tay Kheng Soon, alitengeneza ramani yake mwenyewe bila ya kuombwa na mtu, akaonyesha jinsi barabara ingeweza kupita kando na maktaba ikabaki. Serikali ilisikiliza, lakini haikushawishika. Ilisema kwamba jengo lenyewe halikuwa na uzuri wa kutosha kustahili kuhifadhiwa, na kwamba haja ya barabara ilikuwa kubwa zaidi. Mwezi wa Machi 2000, waziri aliyehusika, Mah Bow Tan, alitangaza kuwa maktaba itaondolewa.

Milango ilifungwa tarehe 31 Machi 2004, na jengo likabomolewa. Maktaba mpya ilifunguliwa mwaka 2005 katika barabara ya Victoria, nayo ni kubwa, yenye orofa 16. Njia ya chini ya kilima ilifunguliwa mwezi wa Januari 2007. Urefu wake haufiki hata nusu kilomita, na gari huimaliza kwa muda usiotosha kusoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Sasa huenda ukaniuliza: kilichopotea ni nini? Vitabu vilihamishwa salama. Maktaba mpya ina nafasi kubwa kuliko ya zamani. Jina la Lee Kong Chian limepewa sehemu ya marejeo katika orofa zake za juu, na hata matofali mengine ya zamani yaliwekwa akiba, yakajengewa ukuta wa kumbukumbu. Swali hili ni la haki, wala si vema kulijibu kwa hasira. Waliolibomoa jengo hawakuwa adui wa elimu. Walikuwa watu wenye hesabu, na hesabu zao zilikuwa sahihi kwa vitu walivyovihesabu.

Lakini viko vitu ambavyo havikuhesabiwa. Unakumbuka kwamba jengo lilipozaliwa liliitwa baya? Baada ya miaka 40 hukumu ikawa karibu ile ile: halina uzuri wa kutosha. Waliohukumu mara zote mbili walitazama ukuta. Katika muda huo wote watu walikuwa wameketi nyuma ya ukuta huo wakisoma, na kwao thamani ya nyumba ilitokana na yale yaliyowapata ndani yake. Mzee aliyepata mwanga wake wa kwanza katika chumba fulani hawezi kumwonyesha mjukuu wake chumba hicho. Atamsimulia tu, na mjukuu atasikiliza huku akitazama magari yanayopita. Ndiyo sababu watu wa Singapore, kila wanapojadili kubomoa nyumba nyingine ya kale, hulitaja jengo hili. Limekuwa kipimo chao.

Nasi je? Katikati ya Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia, iko maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Ilijengwa na Lady McMillan kwa kumkumbuka mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931. Kwa muda wa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, na ni mwaka 1958 tu alipofunguliwa mlango. Mtu aweza kusema kuwa nyumba yenye historia chungu kama hiyo haifai kuhifadhiwa. Mimi naona kinyume chake. Kijana wa leo anayepanda ngazi zile pasipo kuulizwa rangi yake anajifunza jambo ambalo hata kitabu kizuri ni shida kumfunza vile vile: kwamba babu yake alifungiwa mlango ule ule, naye amefunguliwa.

Sisemi kwamba kila ukuta mkongwe uachwe usimame. Mji hauna budi kukua, wagonjwa wahitaji hospitali, na watoto wahitaji shule mpya. Nasema tu kwamba kabla ya nyumba kuvunjwa, waulizwe walioitumia pamoja na walioipima, tena waulizwe mapema, wakati ramani ingali karatasi. Watu wa Singapore walisema maneno mazuri, lakini wengi wao walianza kusema wakati shauri lilipokuwa limekwisha kukatwa. Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Basi, msomaji, ukimaliza kusoma haya, fikiri nyumba moja ya kale katika mji wako: maktaba, stesheni, soko au shule. Nenda ukawaulize wazee ilijengwa lini, nani waliingia na nani walikatazwa. Yaandike majibu yao, maana siku ramani mpya itakapochorwa, hayo ndiyo utakayokuwa nayo ya kusema.