UZI: Riwaya ya nyama ya Chicago na mfanyakazi aliyesahaulika

Kila mjadala wa usalama wa chakula ukichacha hapa mtandaoni, lazima atokee mtu wa kusema, "Marekani walimaliza hii maneno 1906 na kitabu kimoja tu." Ni kweli, lakini nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo inanisumbua. Na kama kawaida yetu, sitataja mwanasiasa wala chama, cha huku ama cha huko. Vuta kiti.

Kitabu kinaitwa The Jungle, mwandishi ni Upton Sinclair. Mwaka wa 1904 wafanyakazi wa viwanda vya nyama Chicago waligoma mwezi wa Julai, na kufikia Septemba mgomo ulikuwa umevunjwa, wakarudi kazini mikono mitupu. Mhariri wa Appeal to Reason, gazeti la wasoshalisti lililochapishwa Kansas, akampa Sinclair dola 500 aende aandike hadithi ya hao watu. Jamaa alikuwa na miaka 26 hivi. Alikaa karibu wiki saba katika mtaa wa Packingtown, akavaa nguo kuukuu, akabeba ndoo ya chakula cha mchana kama kibarua yeyote, na hakuna aliyemuuliza anaenda wapi.

Shikeni hapo: alitumwa kwa sababu ya mgomo. Soseji haikuwa ajenda.

Viwanda vyenyewe vilikuwa ajabu ya wakati huo. Mnyama ananing'inizwa kwenye reli ya juu, anapita mbele ya mistari ya watu, na kila mtu ana mkato wake mmoja tu, siku nzima, mwaka mzima. (Henry Ford baadaye aliiga hiyo mbinu kuunganisha magari.) Uzuri wa mpango huo kwa mwenye kiwanda ni kwamba yeye ndiye anaamua reli iende kasi gani. Akiiongeza mwendo, watu wote wanaongeza mwendo, awe amelala vizuri ama hakulala. Na kwa sababu mkato mmoja unafunzwa haraka, ukiumia leo kuna mwingine langoni kesho asubuhi.

Ndani ya riwaya tunafuata Jurgis Rudkus, mhamiaji kutoka Lithuania, kijana mwenye misuli anayeamini kwamba bidii inatosha. Familia inanunua nyumba kwa malipo ya kila mwezi, halafu wanakuja kugundua kuna riba ambayo hawakuielewa kwenye mkataba. (Wenye mikopo ya simu, najua mmetikisa kichwa.) Jurgis anateguka kifundo cha mguu kazini, analala nyumbani bila mshahara, na akipona kazi yake imeenda. Anaishia kwenye kiwanda cha mbolea, kazi iliyokimbiwa na kila mtu. Mkewe, Ona, analazimishwa kimapenzi na msimamizi anayetishia kuwafutisha kazi familia nzima. Ona anakufa akijifungua. Mtoto wao mdogo anazama kwenye maji yaliyotuama barabarani.

Kurasa za nyama chafu ziko pia: nyama iliyooza inatiwa kemikali na kugeuzwa soseji, panya na sumu ya panya vinaingia mashineni pamoja na nyama. Lakini ukihesabu, ni kurasa chache sana kwenye kitabu kinene. Sinclair aliziweka kuonyesha jinsi kiwanda kinavyomdharau kila mtu, mchinjaji na mlaji.

Hadithi ilianza kutoka gazetini Februari 1905. Wachapishaji kadhaa wa vitabu waliikataa. Kampuni ya Doubleday, Page iliikubali baada ya kutuma mtu wake Chicago kuhakikisha, na Februari 1906 kitabu kikatoka. Balaa. Watu walimwandikia rais wakitaka hatua, na mauzo ya nyama yakayumba mpaka ng'ambo.

Rais wa wakati huo hakuwapenda waandishi wa aina hii. Aprili 1906 alitoa hotuba akiwafananisha na mtu wa kwenye hadithi ya John Bunyan, aliyeinamia reki akikusanya uchafu wa chini bila kuinua macho. Jina likawaganda, na wao wakalivaa kama beji. Hata hivyo alituma watu wawili Chicago, kamishna wa kazi na mtetezi wa masuala ya kijamii. Walirudi na ripoti ya nyama kuburutwa kwenye sakafu chafu, vyumba bila mwanga wala hewa, vyoo vya aibu. Dai moja la riwaya halikuthibitishwa, lile la watu kutumbukia kwenye mapipa na kuuzwa kama mafuta ya nguruwe. Mengi mengine yalisimama. Kwa hivyo ukiambiwa "hiyo ni hadithi tu ya kutunga", jibu ni kwamba ilikaguliwa na mchapishaji, kisha ikakaguliwa na serikali isiyompenda mwandishi.

Tarehe 30 Juni 1906 sheria mbili zilitiwa sahihi siku moja: moja ya ukaguzi wa nyama, nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Kutoka kitabu kutoka mpaka sheria, miezi minne na kitu. Sasa tazameni ndani. Mnyama akaguliwe kabla na baada ya kuchinjwa, sawa. Viwanda viwe safi, sawa. Lakini pendekezo la wenye viwanda kulipia ukaguzi liliondolewa, hazina ya umma ikabeba, dola milioni 3 kwa mwaka. Pendekezo la kuandika tarehe kwenye nyama ya mkebe nalo likaondolewa. Kampuni kubwa zikapata muhuri wa serikali, uliolipwa na mlipa ushuru, wa kuonyesha wateja wa Ulaya.

Na Jurgis je? Hakuna saa za kazi, hakuna mshahara, hakuna fidia. Hakuna hata mstari. Sinclair mwenyewe alilalamika mwaka huo huo kwamba alilenga moyo wa watu, akapiga tumbo bila kukusudia.

Wanaosema ni bahati mbaya tu, waangalie kesi ya Lochner ya 1905. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya waoka mikate: usafi wa chumba cha kuokea, na kikomo cha saa 10 kwa siku, 60 kwa wiki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta kikomo cha saa ikidai kinaingilia uhuru wa mtu kuingia mkataba. Vifungu vya usafi havikuwa na shida. Yaani mkate ulindwe, mwokaji ajipange.

Mfanyakazi alisubiri, na njia yake ilikuwa nyingine: majimbo kama Wisconsin yalianza fidia ya ajali kazini 1911, mwaka ambao moto katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, uliua watu 146. Haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi ikapata sheria ya taifa 1935, mshahara wa chini 1938, na usalama kazini 1970. Toka 1906 hesabu mwenyewe, ni miaka 64. Hayo yaliletwa na migomo, vyama vya wafanyakazi na mazishi, sio na kurasa za soseji.

Maoni yangu: msomaji wa 1906 alikula ile nyama lakini hakufanya kazi pale. Akaogopa kwa niaba yake mwenyewe, na bunge likajibu woga huo tu.

Huku kwetu Katiba ya 2010 imeweka vyote viwili: kifungu cha 46 kinamlinda mnunuzi, cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa vyema kazini. Mnakumbuka 2019, makala ya runinga kuhusu nyama ya supamaketi iliyotiwa kemikali? Wiki nzima tuliuliza kama nyama ni salama. Ni nani aliuliza yule aliyekuwa akiipaka hiyo kemikali analipwa pesa ngapi, ana glavu, na angefanywa nini kama angekataa?