Daraja la Mtu wa Miguu

Mimi ni mtoto wa Oldeani, na habari za madaraja nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwetu maji hayakai. Mvua ikinyesha katika misitu ya Ngorongoro na juu ya mlima wetu, ule ambao Wamaasai waliupa jina kwa ajili ya mianzi yake, maji hushuka kwa kishindo katika makorongo, yakapita kati ya mashamba ya kahawa na kuelekea Ziwa Eyasi. Asubuhi mtoto aweza kuliruka korongo. Jioni hata ng'ombe hathubutu kulisogelea.

Mashamba yale yalianzishwa na walowezi wa Kijerumani kati ya zile vita kuu mbili. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliyatwaa kama mali ya adui, na baadaye yakapita katika mikono ya wengine. Wenye mashamba walibadilika, lakini kwa macho yangu jambo moja halikubadilika: kalavati lilijengwa pale lilipopita lori la kahawa. Pale alipopita mchumaji wa kahawa hapakujengwa kitu. Yeye alivuka juu ya gogo.

Masika moja, nikiwa na umri wa miaka tisa, gogo letu lilichukuliwa na maji. Mdogo wangu alikuwa na kichomi. Mama alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, akakuta korongo limefurika. Alisimama ukingoni tangu jioni mpaka alfajiri, na taa ya zahanati akiiona ng'ambo. Maji yalipopungua, haja ya kuvuka ilikuwa imekwisha.

Baada ya msiba, wanaume wa kijiji walikata mikaratusi miwili, wakailaza sambamba, wakapigilia mbao na kufunga waya wa kushikia. Siku ya kwanza mzee mmoja alisimama penye daraja akatuambia sisi watoto: "Piteni mmoja mmoja, wanangu. Mkienda kundi mtalichezesha, nalo likicheza litawachezesha ninyi." Tulicheka.

Miaka mingi baadaye niliacha kucheka, niliposoma habari za London. Wakuu wa jiji lile walikuwa wakiufufua ukingo wa kusini wa mto Thames, uliokuwa mahali pa maghala na viwanda. Kiwanda cha zamani cha umeme kiligeuzwa kuwa jumba la sanaa, na mbele yake likajengwa daraja la chuma la waenda kwa miguu peke yao, lenye urefu wa mita 325. Lilifunguliwa tarehe 10 Juni, 2000. Watu wakamiminika kwa maelfu, na daraja likaanza kuyumba huku na huku. Siku mbili baadaye likafungwa, na halikufunguliwa tena hadi Februari 2002, baada ya kufungwa vifaa vya kumeza mtikisiko.

Wahandisi walieleza chanzo chake. Kila mtu anapotembea husukuma kidogo kushoto, kisha kulia. Daraja likiyumba kidogo tu, watu hubadilisha hatua zao wasianguke, na kwa kufanya hivyo hujikuta wanasukuma pamoja bila kupatana. Yule mzee wetu hakuwa ameingia darasani. Lakini alijua kwamba uzito wa watu ni jambo moja, na mwendo wao ni jambo jingine. Aliyajua hayo kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa miguu.

Ndugu msomaji, nakueleza haya kwa sababu ya mto mwingine, ambao nimeishi jirani nao tangu nilipohamia Dar es Salaam kutafuta kazi. Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita bonde la Jangwani kati ya Kariakoo na Magomeni, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Daraja hilo la kwanza lilijengwa mwaka 1929, likaitwa kwa jina la mkurugenzi wa kazi za umma wa wakati ule, nalo liliwafaa kwanza wenye magari waliokwenda Oyster Bay, mtaa wa Wazungu. Hapo nikaona lile kalavati la kwetu, ila kubwa zaidi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini. Baadhi ya waliookoka walihamishiwa Mabwepande, mbali na shughuli zao. Nami nimesimama Jangwani barabara ikiwa imefungwa, nikaona vijana wakiwavusha watu mgongoni kwa malipo. Mwanamke mmoja alihesabu sarafu zake, akazirudisha kwenye pindo la kanga, akakaa kusubiri. Sikuweza kumtazama kwa muda mrefu.

Sasa bonde lile linatengenezwa. Mwaka 2018 wakazi, wataalamu na maofisa wa serikali walikaa pamoja kuchora mpango wa Msimbazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Mpango ni kupanua na kuchimba mkondo wa mto, kujenga daraja jipya na refu pale Jangwani, na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Walioishi humo wanalipwa fidia na kuhama.

Mimi siupingi mpango huu. Aliyeona mtoto akifa kwa kukosa daraja hawezi kulipinga daraja. Lakini kuna jambo linalonikaa moyoni. Bustani ya ukingo wa mto huwavuta wenye nafasi ya kutembea jioni kwa kupunga upepo. Je, yule mama aliyerudisha sarafu zake, ambaye pengine sasa anaishi mbali, atakuwa na njia ya kuvuka pale alfajiri akiwa na beseni la maandazi kichwani? Kama anayo, mto umefufuka. Kama hana, tutakuwa tumeupamba tu.

Mwaka juzi nilikwenda Oldeani. Mikaratusi ile imeoza zamani, na mahali pake pana daraja la zege, jembamba, lisilotosha gari. Nilimkuta mama, ambaye sasa ni bibi kizee, ameketi karibu nalo akianika mahindi. Nikamwuliza kwa nini amechagua mahali pale penye vumbi la wapita njia.

"Nawatazama wanavuka," akasema.